Nyaya Tisa Ndani ya Paipu Moja

REHEMA: Karibuni wasikilizaji. Niko na Fundi Saidi kama kawaida, na leo nimekuja na jambo la nyumbani kwetu. Fundi, ile paipu ya jikoni kwa mama, Mbagala, unaikumbuka?

SAIDI: Nitaisahauje, dada Rehema? Tulivuta waya mmoja, zikaja zote tisa. Plastiki zilikuwa zimelainika na kugandana.

REHEMA: Na breka haikukata hata siku moja! Mama anasikia harufu ya plastiki, anadhani jirani anachoma taka. Kumbe ni dari lake mwenyewe.

SAIDI: Tuwaeleze kilichokuwemo. Paipu nyeupe ya milimita 20, imetoka kwenye bodi ya breka, ikapita juu ya dari chini ya mabati, ikashuka jikoni. Ndani yake sakiti tatu za soketi, yaani njia tatu za umeme, kila moja na waya wake wa moto, nyutro na ethi. Waya wa 2.5 zote, yaani shaba ya ndani ina eneo la milimita mraba 2.5, na kila sakiti imewekewa breka ya ampea 20.

REHEMA: Fundi wa kwanza nilimuuliza kama si nyingi. Akanijibu, "Dada, mbona zimeingia?"

SAIDI: Kuingia, hata kwa kulazimisha, zitaingia. Ila tupige hesabu. Paipu ya 20 ndani inabaki kama milimita 16. Kanuni inayotumika sana ni nyaya zisizidi asilimia 40 ya nafasi hiyo. Waya wa 2.5, ukihesabu na plastiki yake, una unene wa karibu milimita 4. Zikifika sita umeshamaliza nafasi. Yeye aliweka tisa, na paipu ina kona tatu. Hapo unavuta kwa nguvu za mkono, waya unakwaruzwa kwenye kona na huoni.

REHEMA: Basi angeweka paipu ya 25, yakaisha.

SAIDI: Hapana, na hapa naomba tutulie, maana mafundi wengi wazuri wanakosea hapa. Paipu ya 25 ingesaidia kuvuta. Nyaya tisa zingekaa vizuri kabisa. Lakini joto lingebaki. Kila waya unaopitisha umeme unatoa joto, na zikibanana zinachemshana. Jedwali za Waingereza, ambazo mafundi wengi huku tunazifuata, zinasema waya wa 2.5 ukiwa sakiti moja tu ndani ya paipu unabeba ampea 24. Zikiwa sakiti mbili zenye mzigo, yaani zinatumika kwa pamoja, unazidisha kwa 0.8. Zikiwa tatu, kwa 0.7. Zidisha 24 kwa 0.7.

REHEMA: Kumi na sita nukta nane.

SAIDI: Na breka ni ya 20. Kwa hiyo mama anawasha jiko la umeme la sahani mbili na birika kwenye sakiti moja, hiyo ni kama ampea 19, na zile nyingine mbili nazo zina mzigo. Breka inaona bado hajafika. Waya umeshapita uwezo wake.

REHEMA: Ndiyo maana haikukata! Siku zote nilidhani breka imeharibika.

SAIDI: Breka ilikuwa nzima, aliyechagua namba ndiye aliyekosea. Halafu ongeza mabati. Zile ampea 24 zimepimwa hewa ikiwa nyuzi 30. Ikifika 40, unazidisha tena kwa 0.87. Chini ya bati la Dar mchana, 40 ni ndogo.

REHEMA: Sasa anayejenga afanye nini? Maana wengine wako kwenye lenta wakati huu wanatusikiliza.

SAIDI: Soketi za jikoni, kila sakiti ipewe paipu yake. Paipu kabla ya plasta ni kitu rahisi. Kuja kuchimba ukuta uliokwisha kupakwa rangi ndiyo gharama. Jiko kubwa, hita ya maji na kiyoyozi nazo zijitegemee. Taa za LED zinavuta umeme kidogo sana, kwa hiyo sakiti mbili za taa kwenye paipu moja hazinipi wasiwasi.

REHEMA: Na kama ukuta umeshafungwa, paipu ni ile ile?

SAIDI: Mojawapo ya mambo mawili. Ushushe breka iwe ya 16, au kama paipu ina nafasi, uvute waya wa 4, ambao hata ukizidisha kwa 0.7 unabaki na ampea 22. Kama inapita chini ya bati, yote mawili hayatoshi: wa 2.5 unashuka chini ya ampea 16, na wa 4 chini ya 20. Mimi ningetafuta njia nyingine kabisa.

REHEMA: Kuna mtu aliniuliza kuhusu waya wa intaneti na wa kamera.

SAIDI: Usiuingize humo. Plastiki yake haikutengenezwa kukaa na umeme wa volti 230. Waya wa moto ukichubuka, umeme unakufuata mpaka kwenye ruta.

REHEMA: Mungu wangu.

SAIDI: Na nyutro: kila sakiti iwe na yake, irudi kwenye bodi. Nyutro ya kuazima imeshaumiza mafundi. Unazima breka ya sakiti yako, unafungua kiungo, kumbe nyutro ile inarudisha umeme wa sakiti ya jirani. Ndiyo maana mimi kwenye paipu yenye sakiti zaidi ya moja nazima meni swichi, kisha napima kwa testa kila waya. Na nyaya nazifunga lebo pande zote mbili, maana nyekundu tatu hazina tofauti.

REHEMA: Kwa mama tulipiga picha kila ukuta kabla ya plasta ya pili, na futi kamba ikiwa imenyooshwa kutoka sakafuni.

SAIDI: Wiki iliyopita zilinisaidia. Mama alitaka kabati jikoni, nikaangalia kwenye simu kabla sijatoboa. Paipu ilikuwa sentimita nne kutoka pale fundi seremala alipoweka alama.