Nusu milioni kwa matrilioni: Marekani na vita vyake dhidi ya ugaidi

Mwenyekiti, wanafunzi, ndugu zangu, asanteni kwa kuja na joto lote hili.

Nianze na tunachokijua wenyewe. Agosti 7, 1998, siku ya Ijumaa, mabomu ya al-Qaeda, kundi la Osama bin Laden, yalilipuka karibu kwa wakati mmoja kwenye balozi za Marekani Nairobi na hapa Dar es Salaam. Hapa walikufa watu 11, na huenda wangekuwa wengi zaidi kama boza la maji lisingelizuia lori la bomu kulifikia jengo. Nairobi walikufa zaidi ya 200, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini au wakipita njia.

Marekani ikajibu kwa makombora, Afghanistan na Khartoum, ambako kiwanda cha dawa cha Al-Shifa kiliteketezwa kwa tuhuma ambazo hazijawahi kuthibitishwa. Lakini ilifanya pia jambo ambalo wengi hulisahau. Wapelelezi walikuja, wakaokota vipande vya vyuma, wakahoji watu, na washtakiwa wanne, mmoja wao Mtanzania, wakafikishwa mahakama ya kawaida New York. Walikuwa na mawakili. Ushahidi ulitolewa hadharani. Mei 2001 wakatiwa hatiani, na Oktoba wakahukumiwa kifungo cha maisha, katika jengo la mahakama lililo mwendo mfupi tu kutoka kwenye kifusi cha World Trade Center, majengo ambayo al-Qaeda walikuwa wameyaangusha Septemba 11 mwaka huohuo.

Sasa mtazameni Khalid Sheikh Mohammed, anayetajwa kuwa mpangaji mkuu wa Septemba 11. Alikamatwa Pakistan, Machi 2003. CIA, shirika la ujasusi la Marekani, wakamfunga, wakammwagia maji usoni mpaka ajihisi anakufa maji, mara 183 ndani ya mwezi mmoja. Kisha akapelekwa Guantánamo, gereza la jeshi la Marekani kisiwani Cuba. Mawakili wamebishana mwaka hadi mwaka ni maneno gani ya mtu aliyeteswa yanayoweza kukubaliwa kama ushahidi, na zaidi ya miaka 20 imepita bila kesi yenyewe kusikilizwa. Nchi yenye mahakama zilizokwisha kuthibitisha kwamba zinaiweza kazi hiyo iliamua kuziruka. Ndiyo maana nasema pigo lilitoka nje, lakini jeraha kubwa Marekani ilijitia yenyewe.

Tuje kwenye fedha. Tume iliyochunguza Septemba 11 ilikadiria kwamba shambulio zima liliwagharimu al-Qaeda kati ya dola 400,000 na 500,000. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown wamekadiria vita vilivyofuata, pamoja na matunzo ya wanajeshi wastaafu kwa miaka ijayo, kuwa dola trilioni 8. Zilitoka wapi? Nyingi zilikopwa. Rais George W. Bush alipunguza kodi mwaka 2001, akapunguza tena 2003, mwaka uleule alioivamia Iraq. Hata mwenye genge pale Manzese hafungui tawi la pili huku akishusha bei na kuishi kwa mkopo.

Na adui hakuficha. Katika mkanda uliorushwa na Al Jazeera Oktoba 2004, siku chache kabla ya uchaguzi wa Marekani, Osama bin Laden alisema lengo ni kuivujisha damu Marekani mpaka ifilisike. Akajigamba kwamba inatosha kutuma wapiganaji wawili mashariki ya mbali wakainue kitambaa chenye jina la al-Qaeda, majenerali watakuja mbio. Dunia nzima ilimsikia. Majenerali wakaendelea kukimbia.

Iraq ndiyo inayoniuma zaidi. Mei 2003 Paul Bremer, msimamizi aliyewekwa na Marekani, alilivunja jeshi la nchi hiyo kwa amri moja. Mamia ya maelfu ya wanaume waliofunzwa bunduki wakarudi nyumbani bila mshahara. Baadhi ya maofisa wao tulikuja kuwaona ndani ya ISIS, kundi lililojiita Dola la Kiislamu. Aliyekuja kuwa kiongozi wa ISIS, al-Baghdadi, mwaka 2004 alikuwa mikononi mwa Wamarekani, kizuizini Camp Bucca. Zile silaha za maangamizi ambazo Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati huo, alizieleza Umoja wa Mataifa hazikuonekana, na tangu hapo neno la Washington halikupokelewa tena kama zamani, hata na marafiki.

Kuna na China. Aprili 2001 ndege ya ujasusi ya Marekani iligongana na ya kivita ya China karibu na Hainan, na Washington ilikuwa imemkodolea macho Mchina. Septemba ikageuza shingo. Desemba mwaka huohuo China ikaingia Shirika la Biashara Duniani, ikajenga viwanda, reli na bandari wakati mshindani wake akilinda barabara za Helmand, Afghanistan. Ingekua tu, hata bila bin Laden. Ila iliachiwa uwanja.

Mtaniambia Marekani haijapigwa tena namna ile, na bado ina jeshi kubwa na sarafu inayotawala. Kweli. Lakini milango ya marubani iliyoimarishwa na idara za ujasusi kuanza kupeana taarifa havikuhitaji kuikalia Baghdad. Na bin Laden mwenyewe alipouawa Mei 2011, kwa kazi ya kikosi kimoja na usiku mmoja, alikutwa Abbottabad, ndani ya Pakistan, nchi iliyokuwa ikipokea mabilioni ya dola kutoka kwa Wamarekani kama mshirika wa vita hivyohivyo.

Karibuni kwa maswali.