Kipimo cha Mimba: Kinachobadilisha Jibu na Kisicholibadilisha

Neema: Karibuni, wasikilizaji. Dada Mwanaidi, wewe ni mkunga, nami naanza na swali tunaloulizwa mara kwa mara: mwanamke aliyemeza dawa mseto ya malaria, kisha akapima mkojo na kuona mistari miwili, aamini kwamba ni dawa ndiyo iliyoleta mstari wa pili?

Mwanaidi: Hapana, dada. Kipimo kinatafuta homoni moja tu, iitwayo hCG, ambayo mwili huanza kuitoa mimba inapojishikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, kwa kawaida siku 6 hadi 12 baada ya yai kupevuka. Dawa mseto, antibiotiki, panadoli, vidonge vya majira, hata P2, ile dawa ya dharura ya kuzuia mimba, havina homoni hiyo. Inayoweza kudanganya ni sindano ya hCG yenyewe, wanayochomwa baadhi ya wanawake wanaotibiwa ugumba, nao hushauriwa kusubiri takriban wiki 2 ndipo wapime.

Neema: Na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3?

Mwanaidi: Haigusi jibu, ila huvuruga hesabu ya siku. Wengi wanaoitumia hawaoni hedhi, hivyo hawajui lini wamechelewa. Mtu wa namna hiyo ahesabu siku 21 tangu alipokutana na mwenzake bila kinga.

Neema: Wapo wanaoambiwa hawana mimba, kumbe wanayo.

Mwanaidi: Hao ndio wengi, na mara nyingi sababu ni kupima mapema mno. Mwanzoni homoni huongezeka maradufu kila baada ya siku 2 au 3, kwa hiyo kijiti kisichoonyesha kitu Jumatatu kinaweza kuonyesha mstari Alhamisi. Ukinywa maji mengi kabla ya kupima, mkojo unazimuliwa na homoni inakuwa hafifu. Ndiyo maana tunaomba mkojo wa kwanza wa asubuhi. Chovya kijiti bila kuvuka alama ya mshale, kilaze mahali tambarare, ukisome ndani ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, mara nyingi dakika 3 hadi 5. Mstari wa kijivu unaojitokeza baada ya muda huo kupita ni alama ya mkojo uliokauka. Mstari wa rangi uliotokea kwa wakati, hata ukiwa hafifu, uchukulie kuwa ni mimba, kisha urudie baada ya siku 2. Mstari wa udhibiti, ule unaoonyesha kwamba kijiti kinafanya kazi, usipotokea kabisa, kijiti hicho kimeharibika.

Neema: Na wanaopima kwa dawa ya meno?

Mwanaidi: Jambo hili linaniuma. Povu hutokea tindikali iliyomo kwenye mkojo inapokutana na chokaa ya dawa ya meno, na hata mkojo wa mwanamume unaweza kulitoa. Binti anayeamini jibu hilo huchelewa kuanza kliniki, ilhali kijiti kinauzwa katika duka la dawa lililo karibu naye.

Neema: Aliyepoteza mimba karibuni je?

Mwanaidi: Homoni hubaki mwilini kwa wiki kadhaa, kwa hiyo mistari miwili haimaanishi lazima kuna mimba mpya, aende akapimwe damu. Vilevile kijiti hakijui mimba imetunga wapi. Mwenye mistari miwili na maumivu makali ya tumbo upande mmoja, kizunguzungu au damu inayotoka, afike hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi inaweza kupasua mrija.