Waliokwenda Fainali kwa Magoti Mabovu

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, habari za jioni. Asanteni kwa kuja na theluji hii yote, tena siku ya kazi.

Nimeombwa nizungumzie msimu wa 2021-22 wa Montreal Canadiens, timu yetu ya hoki ya barafuni. Karibu sote humu ndani ni wakazi wa mji huu, kwa hiyo sitapoteza muda kueleza Habs, kama tunavyowaita, ni nani, wala makombe yao 24. Nitaanza na swali ninaloulizwa kwa kinyozi, kazini, hata msibani nimeulizwa: timu iliyocheza fainali ya Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi, mwezi Julai, iliwezaje kuburuza mkia wa ligi nzima ilipofika Aprili? Watu huliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba tunazungumzia uchawi. Wengine wameshalipatia jina jambo hili, wanasema ni laana ya fainali.

Hakuna laana. Nimesema hivi miaka yote na leo nitarudia, kwa sababu mnaoendelea kuamini laana ndio hao hao mnaoleta watoto wenu uwanjani Jumamosi asubuhi, na namna mnavyousimulia msimu ule ndiyo namna mnavyowalea watoto wale.

Tuanze na msimamo wa ligi, maana hapo ndipo watu hawapendi kutazama. Msimu wa 2020-21 ulikuwa wa korona, mpaka wa Marekani umefungwa, timu 7 za Kanada zimewekwa kundi moja na kucheza zenyewe kwa zenyewe, mechi 56 badala ya 82. Canadiens walishinda 24, wakapata pointi 59, wakamaliza nafasi ya 4 katika kundi lile. Katika ligi nzima walikuwa wa 18. Sikilizeni vizuri hapa: New York Rangers na Dallas Stars walipata pointi 60 kila mmoja na wakakaa nyumbani, kwa kuwa makundi yao yalikuwa magumu zaidi. Sisi wenye 59 tukaingia mtoano. Kati ya timu 16 zilizoingia, hakuna iliyokuwa na pointi chache kuliko zetu. Kocha Claude Julien alikuwa ameshafukuzwa Februari, timu iko mikononi mwa Dominique Ducharme, kocha wa muda.

Kwa hiyo anayesema "walikuwa timu ya pili kwa ubora duniani halafu wakaanguka" ameanza hesabu mahali pasipo. Hawakuanguka kutoka mlimani. Walikuwa timu ya katikati iliyopanda mlima mara moja, kwa wiki 7, na nitawaambia walipanda na nini.

Walipanda na watu wachache sana, na miili ya watu hao.

Mchukueni Shea Weber, nahodha. Mnaniona nimeinuka kitini, kwa sababu habari ya Weber siwezi kuisimulia nimekaa. Beki mkubwa, mwenye shuti ambalo makipa walilizungumzia kwa heshima. Mwaka 2018 alifanyiwa upasuaji wa mguu, kisha wa goti, mwaka huo huo mmoja. Akarudi. Mwisho wa msimu wa 2021 kidole gumba kikaumia, akakosa mechi za mwisho za ligi. Mtoano ulipoanza, Weber yumo. Akacheza mechi zote 22. Siyo kwamba aliingizwa kidogo kidogo. Alikuwa barafuni zaidi ya dakika 25 kwa mechi. Mwenye kuujua mchezo huu anaelewa dakika 25 ni nini kwa mtu wa miaka 35. Mchezaji hukaa barafuni chini ya dakika moja, anatoka anahema, anarudi tena. Na beki kazi yake ni kugongana na watu kwenye ubao wa pembeni mwa uwanja na kuzuia kwa mwili wake kisahani kigumu cha mpira kilichopigwa kwa nguvu zote.

Fanyeni majaribio usiku wa leo. Shikeni mpini wa ufagio bila kutumia kidole gumba, kisha mmoja wenu auvute. Mtaona kilichobaki mkononi. Sasa fikirini mkono ule umeshika gongo mbele ya Auston Matthews, mfungaji wa Toronto.

Tukawatoa Toronto baada ya kuwa nyuma kwa mechi 3 kwa 1. Tukawamaliza Winnipeg kwa mechi 4 kwa 0 bila kupumua. Tukawatoa Vegas katika mechi ya 6, bao la Artturi Lehkonen katika muda wa nyongeza, tarehe 24 Juni, siku ya Saint-Jean-Baptiste, sikukuu ya Quebec yenyewe. Ndani ya Bell Centre, uwanja wetu, waliruhusiwa watu wachache tu kwa ajili ya korona. Mji wote ulikuwa nje, barabarani. Nilikuwepo. Nililia, na sioni aibu kusema. Tulikuwa hatujaiona fainali tangu 1993.

Tarehe 7 Julai Tampa Bay Lightning wakatufunga 1-0 kule kwao, wakatwaa kombe katika mechi ya 5. Na siku hiyo Weber alivua viatu vya barafuni na hakuvivaa tena katika mechi ya ligi hii. Kabla Julai haijaisha, meneja Marc Bergevin alitangaza kwamba nahodha hatacheza msimu unaofuata na huenda asicheze tena maishani. Akataja: unyayo, kifundo, goti, kidole gumba. Nasema tena, maana watu wanapita haraka hapa. Unyayo, kifundo, goti, kidole gumba. Mtu alituchezea fainali akiwa hivyo, na sisi tulikuwa tunamshangilia kwa "moyo wake".

Kijana mmoja niliyemfundisha hapa mjini, miaka 12, aliniona nikimsifia Weber siku zile. Nilimsifia mbele ya timu nzima, nikasema huyo ndiye mwanamume. Wiki chache baada ya msimu kuanza, kijana yule alicheza mashindano ya siku mbili na kifundo cha mkono kilichopasuka mfupa. Alikificha ndani ya glavu. Hakulia, hakusema. Mama yake ndiye aliyegundua usiku, alipoona mtoto anakula kwa mkono wa kushoto. Nilimtembelea. Aliniambia, "Kocha, kama Weber." Tangu siku ile hadithi hii naisimulia kwa namna nyingine, na ndiyo maana mnaisikia kila mwaka mpaka mmechoka.

Hakuwa Weber peke yake. Jeff Petry kidole chake kilinasa kwenye tundu la mpiga picha katika kioo cha uwanja, akakosa mechi, akarudi kucheza na Vegas macho yamevilia damu, mekundu yote mawili, watoto wakaogopa kumtazama. Joel Edmundson, beki mwenzao, msimu uliofuata mgongo ulimweka nje hadi Machi. Paul Byron alipasuliwa nyonga.

Na Carey Price. Kipa wetu, mtoto wa Anahim Lake kule British Columbia, ambaye baba yake alimrusha kwa ndege ndogo kwenda mazoezini kwa sababu uwanja ulikuwa mbali mno. Mama yake alikuwa chifu wa watu wake, Ulkatcho. Mtoano wa 2021 ulikuwa mgongoni kwake. Muulizeni yeyote wa Toronto au Vegas. Fainali ikaisha Julai 7, mwezi huo huo goti likafanyiwa upasuaji. Tarehe 7 Oktoba, siku chache kabla ligi haijaanza, ikatangazwa kwamba ameingia katika mpango wa ligi wa kuwasaidia wachezaji. Novemba alieleza mwenyewe, kwa maandishi, kwamba alikwenda kutibiwa matumizi ya vilevi. Alirudi langoni tarehe 15 Aprili 2022. Msimu mzima alidaka mechi 5, na ya mwisho kati ya hizo, tarehe 29 Aprili, ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwake.

Ongezeni Phillip Danault, kiungo ambaye katika mechi zile 7 na Toronto kazi yake ilikuwa kuwakaba Matthews na mwenzake Marner. Matthews alifunga 1 tu. Marner hakufunga. Danault mkataba uliisha, akaenda Los Angeles Kings. Hakuumia, aliondoka tu, lakini hesabu ni ile ile.

Sasa hebu niambieni. Timu ya 18, uiondolee kipa, nahodha, kiungo wa kukaba, na mabeki wenye uzoefu, uipe wiki 14 za mapumziko kutoka fainali hadi mechi ya kwanza tarehe 13 Oktoba. Ulitegemea nini? Walipoteza 5 za kwanza. Wakashinda 22 katika 82, pointi 55, nafasi ya 32 kati ya 32. Pointi chache kuliko za mwaka uliotangulia, na mechi 26 zaidi. Muujiza uko wapi hapo?

Namwona kaka pale anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema, kwa sababu kila mwaka kuna anayekisema: Tampa nao walicheza hadi tarehe 7 Julai, likizo yao ilikuwa ile ile, na mwaka 2022 wakarudi fainali. Kweli kabisa. Ndiyo maana sikusema uchovu. Sijasema neno uchovu tangu nianze. Tampa walipoteza mstari wao wa tatu wote wa washambuliaji, Gourde, Coleman na Goodrow, na bado wakabaki na nyota wao: Vasilevskiy langoni, Hedman, Kucherov, Point na Stamkos. Kucherov na Point waliumia kwa muda, lakini walirudi. Sisi tulipoteza mti wenyewe, wao walipoteza matawi.

Na wewe unayesema majeruhi ni kisingizio, kila timu ina majeruhi: kila timu haianzi msimu bila kipa wake na nahodha wake kwa pamoja. Tafadhali tusirudie hapo.

Kuhusu kocha. Ducharme alipewa mkataba wa miaka 3 Julai ile ile, kwa ajili ya fainali. Bergevin kibarua chake kikaota nyasi tarehe 28 Novemba. Wakaingia Jeff Gorton kuongoza shughuli za hoki, kisha meneja mpya Kent Hughes Januari. Februari 8 tukagaragazwa 7-1 nyumbani na New Jersey, kesho yake Ducharme naye akafunga virago, ameshinda 8 katika mechi 45. Akaletwa Martin St. Louis, mchezaji mkubwa wa zamani ambaye alikuwa amefundisha watoto tu. Watu walikasirika. Mimi nilifurahi, kwa sababu anayefundisha watoto huzoea kumtazama mchezaji usoni. Cole Caufield, kijana mfupi tuliyemwona anang'aa kwenye mtoano, alikuwa na bao 1 katika mechi 30 chini ya Ducharme, katikati ameshushwa hadi timu ndogo ya Laval. Chini ya St. Louis akafunga 22 katika mechi 37. Caufield ni yule yule, gongo ni lile lile. Basi kocha ana sehemu yake, nakubali, na kwa Caufield ilikuwa sehemu kubwa. Lakini na St. Louis tulishinda 14 na kupoteza 23, ukihesabu zile za muda wa nyongeza. Hakuna kocha anayempa mtu goti jipya.

Nilitaka kuzungumza kwa kirefu juu ya Kotkaniemi, kiungo wetu kijana aliyeondoka pia, naona mwenyeji wangu ananionyesha saa. Kwa ufupi: Carolina Hurricanes walimpa dola milioni 6.1 kwa mwaka mmoja, Montreal wakakataa kulipa hizo, akaenda. Juu ya hizo Carolina wakaweka bonasi ya dola 20, kwa sababu 20 ni jezi ya Sebastian Aho, mchezaji wao ambaye Montreal walijaribu kuwanyang'anya mwaka 2019. Oktoba akarudi Bell Centre, akazomewa, akafunga. Kijana wa miaka 21. Tuache.

 

Nitaje Lehkonen tu. Yule wa bao la Saint-Jean. Machi 2022 Montreal walimuuza Colorado Avalanche, na kwa timu inayoburuza mkia ilikuwa biashara ya haki. Tarehe 26 Juni, kule Tampa, kwenye uwanja ule ule tuliofungwa 1-0, Lehkonen alifunga bao lililompa Colorado kombe. Nilikuwa nimekaa na kijana wangu yule, mkono wake umeshapona, tunatazama kwenye simu. Aliniuliza swali moja tu: "Kocha, Lehkonen yeye alikuwa mzima?" Nikamwambia ndiyo, nadhani alikuwa mzima.

Mama pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipomtaja Weber. Mama, karibu, uliza. Mpeni kipaza sauti.