Mashine ya Gemu Isiyovuma

BARAKA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tupo chumbani kwa Salma, Tabata, na kabla sijasema lolote niwaambie kitu: kompyuta imewashwa. Ipo chini ya meza, karibu inagusa goti langu.

SALMA: Na maiki ipo wazi.

BARAKA: Ipo wazi kabisa. Sasa wale mliotuandikia kulalamikia mvumo kwenye kipindi kile...

SALMA: "Jamani, mnarekodia mashineni?" Nilicheka, halafu nikaumia, kwa sababu ilikuwa kweli. Ile kompyuta yangu ya zamani ilivuma mpaka mtoto wa dada yangu akawa anaiita bodaboda. "Mamdogo, zima bodaboda nataka kulala."

BARAKA: Kwa hiyo ukataka mashine mpya. Iwe na nguvu, iwe kimya, na hela huna.

SALMA: Hela ninayo, ila ya kuhesabu. Milioni moja na laki sita, skrini na kibodi vikiwepo tayari. Na sio kila kitu kipya cha boksi, tusidanganyane.

BARAKA: Mimi hapo ningetafuta GPU, yaani kadi ya picha, kubwa kuliko zote, chenji inayobaki ndiyo ninunulie vingine.

SALMA: Ndivyo nilivyofanya zamani, nikapata bodaboda. Unajua kosa langu lilikuwa nini? Nilikuwa nawauliza watu, feni gani haina kelele? Feni haipigi kelele kwa kupenda, Baraka. Inakimbia kwa sababu kuna joto la kutoa, na hilo joto ni umeme uleule ulioingia. GPU ikila wati mia mbili, wati mia mbili hizo zote zinaishia humu chumbani. Kwa hiyo safari hii sikuanza na feni. Nilianza na wati.

BARAKA: Nipe mfano wa kushikika.

SALMA: Chukua Radeon RX 580, kadi ya 2017 ambayo bado imejaa madukani. Hiyo imeandikwa wati 185. Halafu chukua RX 6600 ya 2021, wati 132. Ya pili inakula kidogo, na kwenye gemu inaiacha ya kwanza mbali sana. Ukipanda kidogo kuna RTX 4060 ya 2023, wati 115, lakini bei yake ingenimalizia bajeti. Nikachukua RX 6600 iliyotumika.

BARAKA: Ngoja, mbona hukuchukua RTX 3060? Ile ina GB 12 za memori, hii yako ina nane.

SALMA: Swali zuri, na kwa mtu mwingine ningemwambia achukue hiyo. Kama unahariri video, au unataka kuweka picha za gemu kwenye kiwango cha juu kabisa kwenye magemu mapya, nane zinabana. Mimi nacheza kwenye skrini ya kawaida ya 1080p, na ile 3060 ni wati 170. Nikasema hapana, nitashusha mipangilio hatua moja, nilale usingizi.

BARAKA: Lakini wale jamaa wa YouTube wanapima mashine kama hizi, wanasema nyuzi sitini na tano, kimya kabisa...

SALMA: Wanapimia wapi? Kwenye chumba cha nyuzi 21 au 22. Sisi Januari hapa Dar ndani ya chumba ni 31, 32. Kipoza cha feni hakiwezi kushusha kitu chini ya joto la hewa inayokizunguka. Hizo nyuzi kumi za chumba zinapanda juu ya kila namba uliyoiona kwenye video. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, iliyosoma 65 kwao, kwako inakuja 75, na feni zinaitikia hiyo 75. Kwa hiyo sisi tuna sababu ya kununua kipoza kikubwa kuliko wanachoshauri wao. Sio anasa.

BARAKA: Na hapo ndipo ukanunua lile dubwana.

SALMA: [anacheka] Ndiyo. Prosesa yangu ni Ryzen 5 5600, ya 2022, viini sita vya kufanyia kazi, wati 65. Inakuja na kipoza chake ndani ya boksi, kidogo hivi kama kopo la mafuta ya mgando. Kinafanya kazi, sikisemi vibaya, ila kwa joto letu kinapiga mluzi. Nikamwagizia mtu aliyekuwa anatoka Dubai aniletee Thermalright Peerless Assassin 120 SE. Mabomba sita ya shaba, feni mbili za milimita 120. Pale Dubai hakizidi bei ya viatu vya wastani.

BARAKA: Kwa prosesa ya wati 65? Si ni kuua mbu kwa rungu?

SALMA: Ni rungu, ila sikiliza hesabu yake. Feni mbili zinazofanana ukiziweka pamoja, sauti inaongezeka desibeli 3 tu. Lakini ukipunguza mzunguko wa feni hadi nusu, sauti yake inashuka karibu desibeli 15. Na sikio la binadamu, desibeli 10 ndiyo linahesabu kama nusu ya kelele. Umeona? Feni mbili zinazotembea polepole zinapitisha hewa sawa na moja inayokimbia, kwa kelele ndogo sana. Nilidhani feni nyingi ni kelele nyingi, kumbe ni kinyume.

BARAKA: Hii nimeipenda. Hata pangaboi ni hivyohivyo. Lile kubwa la msikitini linazunguka taratibu, husikii kitu, ila lile dogo la mezani...

SALMA: Linalia usiku kucha na hewa yenyewe haifiki miguuni!

BARAKA: Na maji je? Vijana wanapenda vile vipoza vya maji vyenye taa.

SALMA: Vina pampu, na pampu ina sauti yake, mlio mwembamba usioisha hata kompyuta ikiwa imekaa tu. Ikifa pampu, kila kitu kimekufa. Kipoza cha hewa ikifa feni, unanunua feni. Tuendelee.

BARAKA: Tuje kwenye kesi. Sio ile ya mahakamani, boksi la kompyuta lenyewe.

SALMA: Kesi yangu ni ya kawaida, mbele wavu mtupu. Sitaki kioo mbele. Kesi ya kioo mbele ni nzuri dukani, ila ni kama kumfunika mtu mto usoni halafu unamwambia akimbie. Nilichofanya ni kupima. Nilienda Kariakoo na rula, yule winga alinishangaa.

BARAKA: Na rula kabisa!

SALMA: Kile kipoza kina urefu wa milimita 155. Kesi nyingi za bei ndogo, ubavu unaishia 150, mfuniko haufungi. Winga ananiambia, "Dada, hii inaingia kila kitu, niamini mimi." Nikaweka rula: 148. Akanyamaza, akanipeleka duka la tatu.

BARAKA: Na GPU ulinunuaje? Maana kadi iliyotumika, hapo ndipo watu wanapigwa.

SALMA: Kwanza nilikataa kulipa kabla sijaiona inawaka. Wana kompyuta ya kujaribia, wengi wao, wakisema hawana, ondoka. Kabla ya kuchomeka nilizungusha feni kwa kidole, moja moja. Feni nzima inazunguka, inapunguza mwendo yenyewe taratibu, inasimama. Iliyochoka bearing inakwaruza, unaisikia kwenye ncha ya kidole kabla ya sikio. Kadi ya kwanza ilikwaruza, nikairudisha. Ya pili nikaiachia gemu dakika ishirini, nimekaa pale na soda yangu. Jamaa amechoka na mimi.

BARAKA: Na mlio ule wa koili? Maana rafiki yangu mmoja ana kadi inalia kama mbu.

SALMA: Huo ni umeme unaozitikisa koili za kwenye kadi, na unasikika zaidi fremu, yaani picha kwa sekunde, zikiwa nyingi sana. Ndiyo maana nilifungua ukurasa wa mwanzo wa gemu, pale kwenye menyu, ambapo kadi haina kazi inatema fremu mia tano, mia sita. Kama inalia, italia hapo. Shida Kariakoo kuna honi na matangazo ya spika, ikabidi niinamishe kichwa mpaka shavu linagusa kesi.

BARAKA: [anacheka] Ningelipa kuiona hiyo. RAM sasa, memori ya kompyuta yenyewe. Hapo sijui ulipitaje, maana bei imechachamaa.

SALMA: Aisee. Tangu mwishoni mwa 2025 RAM imepaa, viwanda vinapeleka chipu kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Micron mpaka wakatangaza Desemba ile kwamba wanaachana na biashara ya Crucial kwa wateja wa kawaida. Hiyo ndiyo sababu kubwa nilibaki na AM4, soketi ya zamani ya prosesa, ambayo inatumia RAM za DDR4. Ningetaka AM5, ile soketi mpya, nisingekataa, ila ingenilazimu RAM mpya za DDR5. DDR4 nilizitoa kwenye ile bodaboda, vipande viwili vya GB 8. Sikununua hata kimoja.

BARAKA: Hiyo ni akili. Ila kesho na keshokutwa hutaboresha sana kwenye AM4.

SALMA: Sawa, nimekubali. Sijengi mashine ya miaka kumi. Ila mtu anayechomeka RAM zake aingie BIOS, ile mipangilio ya ndani ya mashine, awashe XMP, kasi kamili ya RAM, la sivyo RAM ya 3200 inaweza kutembea kwa 2400 au chini ya hapo, na hujui.

BARAKA: Na ile siku ya kuwasha, hadithi hujaimaliza.

SALMA: Jamani. Nimeunganisha kila kitu, saa sita usiku, nawasha. Feni zinazunguka, taa ipo, skrini nyeusi. Nimefungua, nimechomoa RAM, nimefuta, nimerudisha. Nyeusi. Nikajua madabodi, ile bodi kuu, ni mbovu, nimeshaandaa na maneno ya kwenda kumwambia muuzaji. Kumbe waya wa skrini nimechomeka kwenye madabodi. Na prosesa ya 5600 haiwezi kutoa picha yenyewe! Lazima uchomeke kwenye GPU. Saa nzima, Baraka.

BARAKA: Na wewe ndiye unayetufundisha.

SALMA: Ndiye mimi. Na mwenye madabodi ya B450 aulize kwanza kama BIOS imesasishwa kuitambua 5600, hapo skrini nyeusi itakuwa ya kweli.

BARAKA: Na pawa saplai, kile kisanduku cha umeme?

SALMA: Hapo ndipo nilitoa hela mpya bila kubembeleza. Wati 550, ya kampuni inayojulikana, na waranti na risiti. Hii mashine nikicheza inavuta kama 250, kwa hiyo pawa saplai inafanya nusu ya kazi yake, haipati joto, feni yake karibu imelala. Zile za elfu thelathini unazinyanyua nyepesi kama boksi tupu, weka kwenye mashine uone umeme wa kukatika na kurudi utakavyoifanya. Halafu 250 kwa saa nne ni uniti moja ya Luku. Bodaboda ilikuwa karibu mara mbili.

BARAKA: Sasa hadi hapo umenunua. Ilikuwa kimya?

SALMA: Hapana! Ndilo nililotaka kufika. Siku ya kwanza ilikuwa inapumua: vuuu, inatulia, vuuu. Nikifungua tabo moja ya intaneti, prosesa inaruka nyuzi kumi kwa sekunde mbili, feni inaifuata. Sauti inayopanda na kushuka inakera kuliko inayodumu. Nikaingia BIOS, nikaziambia feni zisiamke hadi nyuzi 70, na zichelewe sekunde kadhaa kabla ya kubadili mwendo. Imekwisha.

BARAKA: Na kwenye GPU?

SALMA: Skrini yangu ni hezi 75, yaani inaonyesha picha 75 kwa sekunde. Nikafunga gemu kwenye fremu 72. Kadi ilikuwa inahangaika kutoa 130 ambazo skrini haiwezi hata kuzionyesha. Halafu nikapunguza volti hatua ndogondogo, kila hatua nacheza jioni nzima, ikikwama narudi nyuma moja. Feni za kadi zikatoka mizunguko 1,900 kwa dakika zikaja karibu 1,000. Haikunigharimu hata senti.

BARAKA: Haya, tufanye jaribio letu. Gemu lipo linatembea, wasikilizaji. Salma, zima pangaboi. Tunanyamaza sekunde tano.

[kimya]

BARAKA: Nasikia kitu. Kuna mvumo, mbali hivi.

SALMA: Weka sikio hapa kwenye kesi.

BARAKA: ...Sio hapa.

SALMA: Hilo ni friji la mama mwenye nyumba.