Geuza Jalada Kwanza: Kumsikiliza Phil Ochs kwa Mikusanyiko Yake

Ndugu zangu wa Dodoma, ukitaka kumjua Phil Ochs kwa mkusanyiko mmoja wa nyimbo zake, geuza jalada kwanza usome jina la kampuni iliyoutoa. Mmarekani huyu, mwimbaji wa kupinga vita ya Vietnam, alitoa albamu 3 kwa kampuni ya Elektra kati ya 1964 na 1966, kisha akahamia A&M. Kila kampuni ilibaki na mikanda yake. A&M ilipotoa mkusanyiko 1988, na Elektra wake 1989, kila mmoja uliegemea nusu ya mtu: wa Elektra kijana na gitaa lake kavu, ule mwingine piano na okestra za 1967 na kuendelea. Kasha la kampuni ya Rhino la 1997, diski 3 na nyimbo 53, ndilo lililounganisha pande zote mbili vizuri.

Jihadharini na albamu ya 1970 iitwayo Greatest Hits. Jina linadai ni nyimbo zake zilizotamba, na jaladani amevaa suti ya dhahabu, lakini ndani zote ni mpya. Ni kejeli tu. Wapo walioinunua wakidhani wamepata muhtasari wa kazi yake! Tamasha lake la ukumbi wa Carnegie Hall nalo lilirekodiwa mwaka huohuo, ila santuri ikachelewa miaka kadhaa kutoka. Ukipanga kwa mwaka wa kutoka, utamsikia wa 1970 nje ya wakati wake.

Mwaka 1973 alikuja huku kwetu. Nairobi alirekodi santuri ndogo, upande mmoja Kilingala, wa pili Kiswahili. Ule wa Kiswahili unaitwa "Niko Mchumba Ngombe"; sarufi yake nawaachia walimu. Dar es Salaam alivamiwa ufukweni usiku, akakabwa koo, nyuzi za sauti zikaumia na noti za juu zikamtoka. Ile sauti laini inayopanda bila shida kwenye kasha ni ya kabla ya usiku huo. Alifariki 1976, akiwa na miaka 35.

Nyimbo za mwanamuziki Hukwe Zawose, mwana wa Doduma hapa jirani, zina mtego uleule: albamu Tanzania Yetu ya 1985 ilitoka kampuni ya Triple Earth, Chibite ya 1996 ikatoka kampuni ya Real World. Atakayezikusanya achore safu 3 kwenye daftari: mwaka wa kurekodi, mwaka wa kutoka, mwenye mkanda. Safu ya tatu ndiyo itakayomchosha.