Kuchonga kona kwa buti ngumu: kuanzia skrubu hadi mstari kwenye theluji

Karibuni watazamaji. Leo tunaendesha snoubodi, ule ubao mmoja wa kutelezea kwenye theluji. Ni saa tatu asubuhi, tuko Buck Hill, kusini mwa Minneapolis. Wenyeji wa hapa wanajua kwamba hiki ni kilima tu. Kutoka kileleni hadi chini hakifiki mita 100. Lakini Lindsey Vonn alijifunzia ski hapa hapa akiwa mtoto, kabla hajawa bingwa wa Olimpiki, kwa hiyo usisubiri safari ya milima mikubwa ndipo uanze.

Kabla sijaendelea, naomba kamera ishuke mpaka kwenye theluji. Isogee zaidi. Hapo. Unaona alama mbili? Hii ya kushoto ni pana, imetawanyika, kama mtu amepitisha ufagio. Hii ya kulia ni mstari mwembamba, unaweza kuufunika kwa kidole kimoja, na kingo zake zimekatika safi. Zote mbili nimeziweka mimi asubuhi hii, kwa ubao mmoja. Ya kushoto niliburuza. Ya kulia nilichonga. Video yote ya leo inahusu namna ya kutoka kwenye ile alama pana na kufika kwenye huu mstari.

Neno kuchonga nimelichagua kwa makusudi. Watangazaji wetu wa mpira husema mchezaji "anachonga kona", na mimi kila nikipinda na huu ubao nalisikia neno hilo kichwani. Hapa kona inachongwa kwelikweli, kwa makali ya chuma, ndani ya theluji.

Sasa vifaa. Snoubodi nyingi unazoziona mlimani huendeshwa kwa buti laini, na miguu imekaa karibu kukingama. Sisi leo tunatumia buti ngumu: ganda la plastiki, bizimu za kukaza, zinafanana na buti za ski. Ubao wenyewe ni mwembamba, na miguu yote miwili inatazama mbele. Ndivyo wanavyovaa wakimbiaji wa mbio sambamba za Olimpiki. Ester Ledecká wa Ucheki, mwaka 2018 kule Pyeongchang, alishinda dhahabu ya ski na dhahabu ya snoubodi katika Michezo ileile, na kwenye snoubodi alikuwa na buti za namna hii. Snoubodi yenyewe iliingia Olimpiki mwaka 1998, Nagano, Michezo ileile ambayo Philip Boit wa Kenya alikimbia ski za nyika na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri kwenye mstari wa mwisho ili amkumbatie. Wengi wetu tunaikumbuka ile picha.

Tuanze na buti, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoharibu. Saizi yake huandikwa kwa sentimita za urefu wa mguu. Pima mguu wako nyumbani: simama, kisigino kikiwa ukutani, weka alama mbele ya kidole kirefu, pima. Mimi nina 27. Buti zangu za kwanza nilinunua 29 kwa sababu dukani zilikuwa laini na za raha kama ndala, na muuzaji akaniambia zimenikaa vizuri. Msimu mzima kisigino kilikuwa kinapanda na kushuka ndani, nami nikidhani miguu yangu haina nguvu.

Ili usidanganyike, fanya hivi. Toa kile kiatu laini cha ndani, nakiweka pembeni. Ingiza mguu kwenye ganda tupu, sogeza mbele mpaka vidole viguse. Halafu ingiza vidole vya mkono nyuma ya kisigino. Vikiingia kimoja hadi viwili, ganda ni lako. Vikiingia vitatu, rudisha. Na kama ni buti za mitumba, kagua plastiki kwa mwanga mkali, hasa kuzunguka misumari ya bizimu na kwenye kifundo cha mguu. Plastiki ya zamani hupasuka kwa baridi, hata kama haikutumika sana.

Nyuma ya buti kuna wenzo huu mdogo. Unapanga buti imeinamia mbele kiasi gani. Mguu wa mbele mimi nauacha umesimama kidogo, wa nyuma nauinamisha zaidi, ili goti la nyuma liweze kulifuata la mbele. Usizifunge zote mbili kwa kiwango kimoja kwa ajili ya kupendeza tu.

Ubao nitausema kwa ufupi. Ukiulaza chini utaona kiuno chake kimebonyea katikati. Ule mbonyeo ni kipande cha duara kubwa, na ukubwa wa duara hilo ndio unaoamua ubao unapenda kona kubwa au ndogo. Mbao za mbio ndefu zina duara pana mno kwa kilima kama hiki. Utafika chini hujamaliza kona ya pili. Kwa mtu mzima wa uzito wa kawaida, anza na ubao wa sentimita 160 hadi 170, wenye nusukipenyo cha mita 10 hadi 12. Kiuno sentimita 20 hivi. Ukipewa ubao mwembamba zaidi kwa bei ya kutupa, usikimbilie. Utakulazimisha ugeuze miguu mbele kuliko magoti yako yanavyoweza.

Vifungio sasa, na hapa naomba utulie nami. Hivi vya bamba havina mikanda. Kuna upinde wa chuma nyuma unaoshika kisigino, na mbele kuna upinde wenye kitasa. Unaingiza kisigino kwanza, unakandamiza, kisha unapandisha kitasa juu ya ncha ya buti mpaka kisikike. Vipo pia vya kukanyaga: unaanza na vidole, unakanyaga kisigino, pini zinaingia, na kamba inayopita ndani ya suruali ndiyo ya kufungulia. Vyovyote ulivyonavyo, kumbuka tofauti hii na ski: ukianguka, hivi haviachii mguu.

Kwa hiyo kaza sawasawa. Kitasa cha mbele kikipanda kwa kidole kimoja, kimelegea. Kikidai upigie ngumi, kimezidi. Kinatakiwa kipande kwa kiganja kwa nguvu ya wastani. Nasema hivi kwa uchungu. Msimu wangu wa pili nilibadilisha buti, sikurekebisha urefu wa kifungio cha nyuma, nikajiambia "kimeshika". Katikati ya kona mguu wa nyuma ukachomoka na wa mbele ukabaki. Goti lilivimba wiki tatu. Tangu siku hiyo, kila nikibadilisha kitu, nafunga buti tupu kwenye ubao, naishika shingo yake kwa mikono miwili, naitikisa mbele, nyuma, kushoto, kulia. Ikicheza hata kidogo, narudia. Na skrubu zote nazipitia kwa bisibisi pana kabla sijatoka nyumbani, kwa sababu hulegea zenyewe kwa mtikisiko.

Sasa pembe za miguu. Hapa hakuna namba ya kukariri, kuna kitu cha kuangalia. Sogeza kamera kwenye ukingo wa ubao. Buti ikiwa imefungwa, ncha ya vidole isitokeze nje ya ukingo huu, na kisigino kisitokeze upande wa pili. Kikitokeza, siku utakapoulaza ubao sana, plastiki itagusa theluji kabla ya makali, makali yatanyanyuka, nawe utakuwa chini hujui kilichotokea. Geuza kifungio kidogo kidogo mpaka vyote vikae ndani. Kwa buti yangu ya 27 na kiuno cha sentimita 20 nimefika digrii 60 mbele na 57 nyuma. Wewe utapata zako. Wa nyuma uwe sawa na wa mbele au pungufu kwa digrii chache, usiuzidi.

Umbali kati ya miguu, anza na upana wa mabega. Kisha weka kabari: chini ya vidole vya mguu wa mbele, na chini ya kisigino cha mguu wa nyuma. Digrii 3 zinatosha kuanzia. Simama sebuleni, kunja magoti. Yakienda bila kuvutwa pembeni, umepata. Goti likiuma sebuleni, mlimani halitapona.

Mwisho kabisa, makali. Paruza ukucha juu yake. Yakikwangua unga mweupe wa ukucha, yako tayari. Yakiteleza tu, yanoe, maana makali butu yatakupa ile alama ya ufagio hata ufanye kila kitu sawa.

Haya, tupande. Kwenye lifti ya viti mguu wa nyuma unatoka, wa mbele unabaki umefungwa. Utafurahi kugundua kwamba kusukuma kwa mguu mmoja ni rahisi kuliko kwa buti laini, kwa sababu mguu wa mbele tayari unatazama unakokwenda.

Nimechagua asubuhi kwa sababu mashine imepita usiku kusawazisha, na mteremko una mifuo midogo midogo, kama barabara iliyotoka kupigwa greda. Adhuhuri hii yote itakuwa imechimbika. Chagua njia pana, yenye mteremko mdogo, ambao haukuogopeshi hata kidogo.

Zoezi la kwanza ni kona moja tu. Elekeza ubao chini kwa mshazari, pata mwendo kidogo, halafu laza magoti upande wa vidole. Basi. Usisukume kwa mguu wa nyuma, usizungushe mabega. Subiri. Hiki ndicho kitu kigumu kuliko vyote, kusubiri. Ubao utapinda wenyewe kwa sababu ya ule mbonyeo wa kiuno, utakatiza mteremko, utaanza kupanda mlima, na utasimama. Sasa geuka uangalie alama yako. Fanya hivyohivyo upande wa kisigino. Rudia mara kumi, na kila mara rudi utazame. Alama ikianza nyembamba kisha ikapanuka katikati, hapo ndipo ulipoingiwa na hofu ukausukuma mguu wa nyuma. Ikianza pana kisha ikawa nyembamba, uliharakisha kugeuza kabla makali hayajashika.

Mwili unakaaje? Mimi mguu wa kushoto uko mbele, kwa hiyo kona ya vidole inanipeleka kulia. Nitazame nikishuka. Mkono wa kushoto, ulio nje ya kona, unashuka kuelekea buti ya mbele. Mkono wa kulia, wa ndani, unabaki juu. Mabega yanalala sambamba na mteremko. Wanaoanza hufanya kinyume: wanaona video za watu waliojilaza mpaka kifua kinagusa theluji, kama wafanyavyo kule Zinal, Uswisi, nao wananyoosha mkono wa ndani kuitafuta theluji. Ukiitafuta kwa mkono, mwili unalala lakini ubao haulali, na makali yanaachia. Laza ubao kwanza. Theluji itakufikia yenyewe siku yake.

Upande wa kisigino kosa ni lingine. Watu hutoa makalio nje, kifua kinaangukia mbele, na ubao unaanza kurukaruka: ta-ta-ta-ta. Ukisikia mlio huo, jua umevunjika kiunoni. Kunja magoti na vifundo, nyonga ibaki juu ya ubao, kifua kitazame kona inakokwenda. Dawa yangu ni hii: kona nzima ya kisigino nalishika goti la mbele kwa mkono wa nyuma, kwa nje. Ukilishika huwezi kutoa makalio. Fanya asubuhi nzima, usione haya.

Uzito nao unasafiri. Ingia konani ukibonyeza ugoko wa mbele dhidi ya buti, katikati simama sawa kwa miguu yote miwili, mwishoni uache urudi kidogo nyuma. Na mwendo ukizidi, usiburuze. Endelea na kona mpaka ubao upande mlima, mwendo utakufa wenyewe. Kisha badilisha makali ubao ukiwa bado unakatiza mteremko, kabla haujaelekea chini.

Nakuomba sana jambo hili: kabla ya kila kona inayopanda, geuza kichwa utazame juu. Kanuni 10 za FIS, shirikisho la kimataifa la ski na snoubodi, zinasema anayetoka nyuma ndiye wa kumkwepa aliye mbele, lakini zinasema pia kwamba anayepanda mlima lazima ahakikishe ni salama. Sisi tunatumia upana wote wa njia, na anayeshuka nyuma yako hategemei kabisa kwamba utamkatizia. Wakijaa watu, nenda kapumzike unywe chai.

Ukifika garini, futa makali kwa kitambaa kikavu, yasishike kutu njiani. Usiku toa viatu vya ndani kwenye maganda uviache vikauke, mbali na hita. Kisha funga bizimu za maganda matupu, kwa kulegea tu, ili yasipoteze umbo.