Joto Hung'oa Elektroni, Mgandamizo Huirudisha

Walimu wangu, shikamooni. Vijana, habari za jioni.

Mkipita mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, mtawaona mafundi wa kuchomelea vyuma. Ule mwanga unaoumiza macho si wa chuma peke yake. Kati ya ncha ya rodi na chuma, gesi imefikia maelfu ya nyuzi za joto. Chembe zinagongana mpaka elektroni zinachomoka kwenye atomu, atomu zinabaki ioni, na gesi iliyokuwa inazuia umeme sasa inaupitisha.

Hilo tunalifundisha vizuri: joto likipanda, ioni zinaongezeka. Habari ya mgandamizo ndiyo tunayoipitia mbiombio, na hapo tunawapunja wanafunzi.

Gesi ikibanwa, ioni haichukui muda kukutana na elektroni na kuinasa tena. Mgandamizo ukipungua, chembe zinaachana, makutano hayo yanakuwa adimu, ioni zinadumu. Kwa joto lilelile, basi, gesi isiyobanwa ina sehemu kubwa zaidi ya ioni. Mwanafizikia wa India, Meghnad Saha, aliliandikia mlinganyo mwaka 1920 akichunguza mwanga wa Jua. Mwaka 1925 mwanaastronomia Cecilia Payne aliutumia kwenye nyota, akakuta zimejaa hidrojeni kuliko kitu kingine chochote. Wakubwa wa fani hawakumkubali mara moja, lakini alikuwa sahihi.

Nyumbani tunao ushahidi wa karibu: redio ya masafa ya kati (MW). Mchana, mionzi ya Jua inang'oa elektroni katika hewa iliyo kilomita 60 hadi 90 juu yetu. Mng'oaji hapo ni mionzi, si joto, lakini kazi ya mgandamizo ni ileile. Tabaka hilo linameza mawimbi ya redio. Jua likizama, hewa ya pale bado ina msongamano wa kutosha, elektroni zinanaswa upesi na tabaka linatoweka. Kilomita kama 300 juu, hewa ni haba mno. Ioni zinakesha, na mawimbi yanarudishwa ardhini mbali sana na mtambo ulioyarusha.

Vijana, kazi yenu wiki hii: washeni redio ya masafa ya kati saa sita mchana, halafu saa tatu usiku. Andikeni vituo mlivyovipata kila safari, mje navyo, tuvijadili pamoja na mlinganyo wa Saha ubaoni.